Tangi la kwanza la matumbawe kwa bajeti ndogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetaka kuweka tangi dogo la maji ya chumvi nyumbani, Dar es Salaam au Mombasa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kioo, ilhali kioo ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Fundi vioo wa mtaani anaweza kukukatia vipande vya milimita 8 na kuviunganisha mchana mmoja, mradi umpe silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana ile ya bafuni huwa nayo. Fedha hupotelea kwingine: kwenye chumvi isiyofaa, kwenye mashine zisizohitajika, na kwenye samaki waliokufa wakanunuliwa upya. Nimefuga matumbawe laini kwa miaka kadhaa katika nyumba ya ghorofa, na makosa yangu mengi yalitokana na kauli ambazo bado nazisikia zikirudiwa. Karibu zote zina mzizi mmoja, kwamba msemaji anadhani anafuga samaki, ilhali anafuga maji. Samaki na matumbawe ni wapangaji tu.

«Chumvi ni chumvi»

Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji, na kiasi cha asilimia 86 ya chumvi hizo ni kloridi na sodiamu. Katika asilimia 14 inayobaki ndimo ilimo magnesiamu, salfeti, potasiamu, pamoja na kalsiamu na bikaboneti ambazo matumbawe magumu hujengea mifupa yao na ambazo bila ya hizo pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake, huyumba.

Hapo huja jibu la mwerevu: basi tutumie chumvi ya majaruba, ya Bagamoyo au ya Gongoni, kwa kuwa hiyo imetoka baharini. Imetoka baharini kweli, lakini haikutoka yote. Maji yanapokauka jaruba baada ya jaruba, chokaa hutangulia kuganda, hufuata jasi, kisha ndipo inapoganda chumvi tunayoijua. Na maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu na potasiamu nyingi, humwagwa. Ukiiyeyusha chumvi ile ndani ya ndoo hutaipata tena bahari, utapata maji ya kuchemshia mihogo.

Kwa hiyo chumvi ya akwariamu, ambayo huagizwa kutoka nje, ni gharama isiyokwepeka kwa aliye mbali na bahari, ila si kubwa kama inavyohofiwa. Tangi la lita 80 hujazwa kwa kilo 3 hivi, kwa kipimo cha gramu 37 kwa lita, na anayebadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki hutumia gramu 300 kwa wiki, yaani kilo 15 na ushei kwa mwaka. Ndoo moja ya kilo 20 itamvusha mwaka mzima. Kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga, yaani refraktomita, kinastahili kununuliwa mapema kuliko taa, nacho kisawazishwe kwa maji ya kipimo yenye chumvi ya gramu 35, si kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama wengi wanavyofanya.

«Maji ya bahari ni ya bure, tuchote hapo ufukweni»

Hii si potofu yote. Kwa mkazi wa pwani, maji ya bahari ndilo punguzo kubwa kuliko yote, na yanafaa kabisa. Suala ni yachotwe wapi na lini. Maji ya karibu na mlango wa Mto Msimbazi, au ya ndani ya bandari, yana uchafu wa mji, na hata ufukwe safi hubadilika siku chache baada ya mvua kubwa ya masika, chumvi ikishuka na tope likipanda. Heri kumwomba mvuvi akujazie madumu akiwa mbali na nchi kavu, maji yakiwa yamejaa, baada ya siku kadhaa bila mvua. Dumu lisiwe limewahi kuwekwa mafuta ya taa wala dizeli. Nyumbani yachujwe kwa kitambaa kizito, yapimwe chumvi, na yakae gizani na pampu ikizunguka mpaka yatumike.

Kuna na wanaosema kwamba kisima chao kina maji ya chumvichumvi, hivyo Mungu amewarahisishia kazi. Chumvi ya kisima haina uwiano wa bahari, na visima vya mjini mara nyingi huwa na nitrati, zao la uchafu.

«Tangi likiwa dogo, kazi huwa ndogo»

Ni kinyume chake. Konokono mmoja akifia ndani ya lita 20, sumu yake huwa kali mara nne ya pale angefia ndani ya lita 80. Joto hupanda upesi, chumvi hupanda upesi, na kosa lililofanyika asubuhi huonekana jioni. Kwa anayeanza, lita 60 hadi 100 ndicho kipimo kinachosamehe bila kufilisi. Lakini meza ipimwe kabla: lita 80 za maji ya bahari ni kilo 82, na ukijumlisha kioo na mawe umezidi kilo 100.

«Maji yakipungua, ongeza maji ya chumvi»

Kinachopaa ni maji, chumvi hubaki. Tangi la lita 80 likipoteza lita 2 kwa siku, jambo la kawaida wakati wa kaskazi, baada ya siku nne lina lita 72 na chumvi yake imepanda kutoka gramu 35 hadi karibu 39. Ukijazia maji ya chumvi, unaongeza tatizo juu ya tatizo. Kinachojaziwa ni maji baridi yaliyosafishwa kwa mashine ya RO, ile inayoyasukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini, na kila siku, si mara moja kwa wiki. Mimi huweka alama ya kalamu kwenye kioo na kikombe kando yake. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingi fosfati inayolisha mwani. Maji ya kunywa ya dumu la lita 20 huweza kufaa, ila baadhi ya wauzaji huongeza madini baada ya kuyachuja, kwa hiyo kipimo kidogo cha TDS, yaani cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kile cha kutumbukiza kama kalamu, kitakuambia unauziwa nini.

«Sisi tuko pwani, joto si tatizo letu»

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao kifaa cha kwanza kwenye orodha ni hita. Mkazi wa Tanga akiifuata orodha hiyo atakuwa amenunua kitu cha kuwekwa kabatini. Mkazi wa Nairobi, Arusha au Mbeya atakihitaji.

Tatizo la pwani ni la upande wa pili. Matumbawe ya tangini hustawi kati ya nyuzi 24 na 27, ilhali bahari yetu mwishoni mwa kaskazi hukaribia nyuzi 30 na matumbawe ya porini huishi jirani sana na ukomo wao. Bahari ikizidi kilele chake cha kawaida kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, matumbawe huwatoa wale mwani wadogo sana wanaoishi ndani ya mwili wake na kuyalisha, yakapauka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika eneo kubwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi. Sasa chukua chumba chenye paa la bati, ongeza taa na pampu, na utaona kwamba tangi hufikia mwezi wa Machi wake kila alasiri.

Mashine ya kupoza maji ni ghali kuliko tangi lenyewe. Feni ndogo ya kompyuta, ya volti 12, ikielekezwa juu ya uso wa maji, hushusha nyuzi 2 au 3 kwa kuyafanya yapae, ingawa hufanya kazi vibaya siku zenye unyevu mwingi hewani. Nilipoweka yangu mara ya kwanza nilifurahi kuona kipimajoto kikishuka, nikasahau kikombe cha kujazia. Siku ya tano uyoga wangu wa baharini, kiumbe wa jamii ya matumbawe, ulikuwa umejikunja ukawa kama kifungo cha shati, nami nikailaumu taa.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, kwa kuwa maji ya moto yenye chumvi hubeba oksijeni kidogo. Pampu ya hewa inayotumia betri, ile ya wavuvi wa chambo, huokoa tangi zima.

«Maji yakishakuwa meupe, samaki waingie»

Weupe wa maji hausemi lolote. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa juu ya mawe, si ndani ya maji, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka hadi kutosha. Katika pH ya maji ya bahari, karibu 8.2, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu kuliko katika tangi la maji baridi, ndiyo maana mtu aliyewahi kufuga samaki wa maji baridi kwa mafanikio hushangaa.

Duka moja liliniuzia tangi, chumvi na samaki watatu siku hiyo hiyo, likaniambia chupa ya bakteria inamaliza kazi usiku mmoja. Siku ya tatu walikuwa juu ya maji wakihema. Chupa hizo huweza kufupisha muda, lakini anayetoa ruhusa ni kipimo cha amonia kinachosoma sifuri. Kipande cha kamba aliyekufa, cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kinatosha kuwalisha bakteria wakati wa kusubiri. Katikati ya safari mawe yatafunikwa na ukoga wa kahawia. Usinunue dawa, utaondoka wenyewe.

«Mawe na matumbawe yamejaa baharini, kwa nini ninunue?»

Kwa sababu ni mali ya mwamba. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, hifadhi za Malindi na Watamu tangu 1968, na humo hakichukuliwi kitu. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka, hai au mafu, kunahitaji kibali.

Na huna haja nayo. Pwani ya Kenya na Tanzania imekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale, ile ile iliyojenga kuta za Mji Mkongwe, na mawe yake huchimbwa nchi kavu na kuuzwa kwa ujenzi. Huko Florida mawe ya namna hiyo hiyo huchimbwa na kuuzwa kwa wafugaji wa matumbawe kwa bei ya mapambo. Chagua mepesi yenye matundu mengi, yasiyo na saruji, rangi wala kutu. Yakidondoshewa maji ya limau hutoa povu, ishara kwamba ni chokaa. Yaoshe kwa brashi, yaloweke wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, na umepata kichujio cha tangi kwa nauli ya pikipiki.

«Mawe yenye wadudu wasiotakiwa, yachemshe»

Usichemshe kamwe. Baadhi ya zoantha, vile viumbe vyenye umbo la vifungo vya rangi vinavyopendwa na wanaoanza kwa kuwa havifi ovyo, hubeba palitoksini, miongoni mwa sumu kali zaidi za asili. Mvuke wa mawe yaliyochemshwa umewahi kuwapeleka watu wa nyumba nzima hospitali. Hata kuyakata, vaa glavu na miwani, wala usiyasugue kwa brashi nje ya maji.

«Bila mashine, hakuna matumbawe»

Kwa tangi la lita 80 lenye samaki wawili, ile mashine ya kutoa povu la uchafu ni anasa; ndoo ya kubadilisha maji hufanya kazi hiyo. Matumbawe laini, uyoga na zoantha huridhika na taa ya LED ya wati 30 kwa saa 8. Jumlisha pampu ya wati 5 usiku na mchana na feni ya wati 10 nusu ya siku, upate karibu nusu uniti ya umeme kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Kitu kimoja tu kiepukwe kwa ukali, nacho ni shaba: viungio vya bomba na dawa za samaki zenye shaba huua kamba, konokono na matumbawe hata zikiwa kidogo.

«Samaki hukua kulingana na tangi»

Kangaja wa buluu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hufikia sentimita 30. Asiyefikia huwa ameumwa, hakutii tangi.

«Klauni lazima awe na anemoni wake»

Porini, ndiyo: klauni ni samaki mdogo anayeishi ndani ya anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri inayochoma. Anemoni hata hivyo huhitaji mwanga mkali na tangi lililotulia kwa miezi mingi, na asiporidhika hutembea hadi kwenye pampu, akasagwa, akalitia sumu tangi zima. Klauni waliozaliwa kwenye matangi hawamhitaji. Wakiwekwa wawili wadogo, mmoja hukua zaidi na kuwa jike, kwa kuwa wote huanza maisha wakiwa madume. Wangu walilikataa tumbawe laini nililowanunulia kwa makusudi hayo, wakachagua kona iliyo nyuma ya pampu, na huko ndiko jike hulala kila usiku, dume likimzunguka mpaka taa izimwe.