Kabla hujalipia pikipiki ya sura ya kizamani

Anayeniletea picha ya pikipiki ya kizamani kwenye simu namuuliza kwanza: injini yake ni ya aina gani? Rangi, mwaka na bei tutavifikia baadaye. Hapa Nakuru kinachouzwa kwa jina la "klasiki" ni vitu vitatu tofauti kabisa, na anayenunua pikipiki yake ya kwanza mara nyingi hajui amesimama mbele ya kipi.

Kuna mzee halisi, pikipiki ya miaka ya sabini au themanini iliyolala ghalani huko Njoro au Molo. Inapendeza kuitazama. Kwa mtu anayejifunza nasema hapana, na sibishani. Vipuri vitaagizwa kutoka nje, na wewe bado huwezi kutofautisha klachi inayoteleza na mkono usioizoea.

Halafu kuna pikipiki ya kisasa iliyovishwa sura ya zamani kiwandani. Inayojulikana zaidi ni Royal Enfield Classic 350. Kampuni asili yake ni Uingereza, na jina la Bullet, modeli yake maarufu, ilianza kulitumia mwaka 1932, ila leo pikipiki zake hutengenezwa Chennai, India. Toleo lililotoka 2021 lina injini ya cc 349, nguvu za farasi 20 hivi, na uzito wa kilo 195. Namba hizo mbili za mwisho zisome pamoja. Nguvu ni ya upole, haitakurusha ukifungua mafuta kwa pupa, lakini uzito utakulaza chini ukisimama vibaya kwenye changarawe. Kwa hiyo natazama ncha za usukani, mkono wa klachi na vikanyagio. Mikwaruzo mifupi inaonyesha ilianguka ikiwa imesimama, na hilo ni dogo. Mikwaruzo mirefu inayofika kwenye ekzosi na kifuniko cha injini inaonyesha iliburuzika barabarani. Hapo bei inaongelewa upya, au tunaondoka. Toleo hilo pia halina kiki, yaani mkono wa kuwashia kwa mguu, kwa hiyo betri naipima kabla ya kusifu chochote.

Jambo moja wauzaji hawalitaji: mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mafundi hukadiria kwamba injini isiyo na taabo, kifaa cha kusukumia hewa ndani, hupoteza asilimia moja hivi ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Farasi 20 za kwenye karatasi huku kwetu ni kama 16, na hao 16 ndio unaopanda nao Salgaa kuelekea Mau Summit huku lori likikupumulia mgongoni. Ndogo ya cc 125 itakufikisha kazini kutoka Section 58 hadi Kenyatta Avenue bila shida, ila kwenye barabara kuu na abiria nyuma utajuta. Yenye kabureta iliyorekebishiwa Mombasa ikija huku itameza petroli nyingi kupita hewa inayoingia, plagi iwe nyeusi kwa masizi, na muuzaji akubali kushusha bei kwa kuogopa injini imekufa. Mara nyingi dawa ni jeti ndogo zaidi, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Ukiipeleka Kisumu, ambako ni mita 1,130 hivi, huenda ukalazimika kuirekebisha tena. Zenye mfumo wa kupuliza mafuta hujirekebisha zenyewe, lakini nguvu iliyopotea kwa uchache wa hewa hazikurudishii.

Aina ya tatu ndiyo inayoniletea kazi nyingi: nduthi, pikipiki ya kawaida ya boda, iliyopambwa jua kali. Chini ya vazi utakuta mara nyingi injini ya Kichina iliyoiga Honda CG125, na hilo si tusi. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambako wenye pikipiki hawabadilishi oili kwa wakati. Waliacha kuweka kemshafti, mhimili unaofungua valvu, juu ya injini pamoja na cheni yake, wakaishusha chini inakozungushwa na gia, na valvu zikafunguliwa kwa fimbo. Fundi wa boda wa Kaptembwa anaifungua akipiga soga, na vipuri vyake viko kila duka. Injini hiyo naikubali kwa moyo wote. Ninachoogopa ni msumeno.

Ili kiti kiwe kifupi, fremu hukatwa nyuma na kuchomelewa bomba lililopindwa. Ng'oa kiti, umulike. Weldi nzuri imelala mfululizo kama magamba ya samaki. Mbaya ina vidonge, matundu, na rangi nzito juu yake, na rangi nzito mahali pamoja tu inanitosha kukataa. Kagua pale shoki za nyuma zinaposhikia. Ukiona ekzosi imefungwa bandeji, omba ifunguliwe, maana bandeji hushika maji na chini yake bomba huliwa na kutu. Chujio la hewa la wazi lililowekwa kwa urembo linaingiza vumbi la Subukia moja kwa moja kwenye silinda. Nyaya nazo zimefichwa chini ya kiti kwa gundi ya umeme, kwa hiyo washa taa zote pamoja, piga honi, kanyaga breki, uone kama kuna inayofifia kupita kiasi.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ina moto, uliza kwa nini, kisha subiri ipoe hata kama ni saa nzima. Ikiwashwa baridi ndipo inaposema kweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ringi au mihuri ya valvu imechoka. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati, beringi za shingo zimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa spana, iliyolegea hutoa mlio mzito. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira wa umri huo siuamini kwenye lami yenye mvua hata kama meno yake ni mapya.

Karatasi sasa. Namba ya fremu na ya injini zilingane na logbuku, hati ya umiliki, herufi kwa herufi. Jina la mkopeshaji likiwa kwenye logbuku, deni limalizwe kwanza. Uhamisho wa umiliki hufanywa mtandaoni kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, muuzaji anauanzisha na wewe unaukubali, na pesa nyingi zisitoke mkononi kabla ya hapo. Wewe mwenyewe uwe na leseni ya daraja A2. A3 ni ya wabeba abiria.

Ukishafika nayo nyumbani, mwaga oili hata kama umeambiwa ni ya jana, na weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. Klachi ya hizi pikipiki huogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano. Ukiweka ya gari, wiki inayofuata utakuja kuniambia klachi inateleza.