Kanisa la serikali katika makoloni ya Marekani: yanayosemwa na yaliyokuwepo

"Wapuritani walihamia Marekani kutafuta uhuru wa dini." Waprotestanti hawa wa Kiingereza, waliotaka kulitakasa Kanisa la Anglikana, walitafuta uhuru wao, si wa jirani. Mchungaji Roger Williams alihukumiwa kufukuzwa Massachusetts, koloni lao, mwaka 1635, kosa lake mojawapo likiwa kusema hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Waquaker, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi zaidi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote, yaliwakuta makubwa zaidi: kati ya 1659 na 1661 wanne walinyongwa Boston, mji mkuu wa Massachusetts. Mmoja wao, Mary Dyer, alikuwa ameshawahi kupandishwa kwenye mti wa kunyongea, kamba shingoni, akashuhudia wenzake wawili wakifa, kisha yeye akasamehewa na kufukuzwa. Alirudi kwa hiari yake. Juni 1, 1660 wakamnyonga.

"Basi makoloni yote yalikuwa hivyo." Hapana. Rhode Island na Pennsylvania hazikuwa na kanisa rasmi, yaani kanisa la serikali, hata siku moja. Kusini, Virginia ikiwemo, walishika Uanglikana.

"Kanisa rasmi lilikuwa jina tu, mambo yalijiendea kwa sadaka." Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana kiini cha habari yenyewe ni kodi. Virginia ililipa makasisi wa Kianglikana kwa tumbaku: ratili 16,000 kwa mwaka, yaani tani saba na ushee, zikitozwa kwa wakazi wa parokia, Mbaptisti na Mpresbiteri wakiwemo. Mwaka 1758 mavuno yakawa haba, bei ya tumbaku ikapaa. Bunge la koloni likaamua madeni ya tumbaku yalipwe kwa fedha, peni mbili kwa ratili, chini kabisa ya bei ya soko. Makasisi wakalalamika London, mfalme akaitengua sheria hiyo, na kasisi James Maury akaenda mahakamani kudai tofauti yake. Wakili kijana Patrick Henry akasimama upande wa pili na kuwasema makasisi bila haya. Desemba 1763 baraza la wazee wa mahakama likampa Maury fidia ya peni moja. Peni moja! Hakuna waraka wa kitheolojia unaoonyesha vizuri zaidi jinsi walipa kodi walivyokuwa wamechoka.

"Maryland iliruhusu dini zote mwaka 1649." Iliwalinda Wakristo wanaoamini Utatu. Aliyekana uungu wa Kristo, sheria hiyo hiyo ilimwekea adhabu ya kifo.

"Katiba ndiyo iliyofuta makanisa ya serikali." Marekebisho ya Katiba ya 1791 yalilifunga mikono Bunge la taifa tu, majimbo yakabaki na mambo yao. Virginia ilikuwa imeshapitisha sheria yake ya uhuru wa dini mwaka 1786, iliyoandikwa na Thomas Jefferson na kupiganiwa bungeni na James Madison, wote wawili marais wa baadaye. Connecticut ilisubiri hadi 1818. Massachusetts, ile ile ya Mary Dyer, iliendelea kutoza kodi ya kanisa mpaka 1833.