Lambo likikaushwa haraka, tuta huteleza

"Injinia, masika yote lilijaa hadi shingoni na halikutikisika. Leo halina maji ndiyo linaanguka?"

Aliyeniuliza hivyo ni mzee wa kamati ya maji katika kijiji kimoja wilayani Handeni. Tulikuwa tumesimama juu ya tuta la lambo lao, naye akielekeza fimbo upande wa ndani, ule unaoguswa na maji. Udongo ulikuwa umemeguka kama tonge la ugali: pande zima, upana wa hatua kama 20, limeteleza hadi kwenye tope na kuacha kovu la mviringo. Walikuwa wamekodi pampu mbili na kufungua valvu ya bomba ili wachote tope kabla ya vuli. Maji ya kina cha mita 4 yalikwisha kwa siku tatu.

Swali lake ndilo kiini cha kazi yangu. Tuta halisimami kwa uzito tu. Linasimama kwa sababu chembe za udongo zimekabana. Miezi yote lambo likiwa limejaa, udongo wa ndani unakunywa maji mpaka unashiba, na maji hayo yanazisukuma chembe ziachane. Wakati huo tuta halianguki, kwa kuwa maji ya lambo yanauegemea mteremko kwa nje, kama kiganja kilichobonyezwa ukutani. Ukiyatoa kwa siku tatu, kiganja kimeondoka. Lakini udongo wa mfinyanzi hauachii maji upesi. Yaliyomo tumboni mwa tuta bado yako palepale na yanaendelea kusukuma. Udongo ni mzito kwa maji, mkabano umelegea, na hakuna tena kinachouegemea. Hapo unateleza.

Ukitaka kuona mkabano unavyolegea, nenda ufukweni Raskazone uwatazame watoto wakijenga vichuguu vya mchanga. Mchanga wenye unyevu husimama wima. Wimbi likiulowesha hadi ushibe, unatawanyika papo hapo, na mchanga ni uleule.

Sisi hupima jambo hili kwa uwiano: nguvu inayoshikilia mteremko, ukiigawa kwa ile inayouvuta chini. Ukipata 1, uko ukingoni. Lambo lililojaa na kutulia tunataka lifikie 1.5. Kwa hali ya maji kushuka ghafla tunakubali kama 1.2 au 1.3, kwa kuwa ni hali ya kupita. Namba hizo zinaamuliwa na aina ya udongo, ushindiliaji, na zaidi ya yote ulalo. Kwa malambo madogo mimi hutaka upande wa maji ulale mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, na upande mkavu mita 2 hadi 2.5. Piga hesabu: tuta la kimo cha mita 5, lenye mita 3 za kupita juu, linahitaji kitako cha mita 28 hivi au zaidi. Lile la Handeni lilikuwa na mita 21. Mtu alitaka kupunguza safari za tipa, na naielewa bajeti ya kijiji, ila hapo sipo pa kubana.

Upande mkavu una habari zake. Maji kidogo yanayochuruzika chini ya tuta yakiwa safi hayanitishi. Wekeni ndoo, pimeni inajaa kwa dakika ngapi, andikeni. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, udongo unabebwa kutoka ndani, na muda ni mfupi mno. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lenye kimo cha mita 90 na ushei, lilionekana likitoa maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Wala msidhani udogo ni kinga: bwawa la udongo la Solai, Kenya, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa chini yake.

Na tafadhali, msipande mwarobaini juu ya tuta. Kivuli chake ni kizuri, lakini mizizi ikioza inaacha njia ya maji. Pandeni ukoka, ng'ombe wanywee kwenye birika nje ya lambo.

Kwa mzee, tulisubiri udongo ukauke, tukachimba mpaka chini ya pale ulipoteleza, tukakata ngazi kwenye udongo mzima, kisha tukarudishia tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa ikiwa na unyevu wake, ulalo sasa ukiwa 3 kwa 1. Nilimwomba pia wasishushe maji zaidi ya sentimita 30 kwa siku. Akatafuta mti mnyoofu, akaupiga mistari ya rangi nyekundu kila sentimita 30, akausimika mwenyewe ndani ya lambo kabla mvua ya kwanza haijanyesha.