Simu ya bure ni ile ya Jaws Corner

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, wazee wanapokunywa kahawa na kupiga dhumna, kuna simu kongwe ya mezani imetundikwa kwenye nguzo, na maandishi yake yanasema ukitaka kupiga nje ya nchi ni bure. Haina waya unaokwenda popote. Watalii huinyanyua, huitia sikioni, hupigwa picha, hucheka. Sijapata kumuona Mzanzibari hata mmoja aliyeiamini. Lakini mchukue mmoja wa hao waliokaa barazani pale, mpandishe ndege ya Dubai, na akirudi atakuja dukani kwangu Darajani amenuna: "Fundi, WhatsApp imenikata pesa. Si mlisema bure?"

Mimi sikusema. Wa mwisho alikuja wiki iliyopita, mzee wa heshima zake, muuza nguo anayefuata mzigo Dubai mara mbili tatu kwa mwaka. Alinunua bando la romingi, yaani la kutumia laini ya nyumbani ukiwa nje, la GB 1, likamaliza siku moja na nusu, akala na salio la kawaida juu yake. Nimeamua niandike, atakayefuata nimtumie kiungo asome mwenyewe, nisimalize mate.

Kwanza hili, nalipitisha mbio: WhatsApp haimkati mtu salio. Haina mkono kwenye salio lako. Wala Telegram, wala Viber, wala hiyo IMO wanayoing'ang'ania wenye jamaa Muscat. Anayekata ni mwenye njia, yaani kampuni ya simu iliyobeba data yako, na kampuni hiyo haijui wala haijali kama ndani ya data mna sauti ya mkeo au video ya paka. Ukilipia bando, umelipia simu. Ukitumia waifai ya hoteli, umelipia kwenye bei ya chumba. Bure imeingilia wapi?

Sasa ushahidi. Kabla mzee hajasafiri nilikuwa nimeifuta ile hesabu ya matumizi iliyomo ndani ya WhatsApp yake, kwa sababu nilijua tutafika hapa. Nikafungua mipangilio, hifadhi na data, matumizi ya mtandao. Simu, zilizotoka na zilizoingia, zote pamoja: MB 7. Nikamgeuzia kioo.

"Sita hizi ni dakika?"

"Saba, mzee wangu. Na si dakika, ni MB. Bando lako lilikuwa na MB 1,000 na zaidi."

Akaitazama ile namba kama mtu aliyesingiziwa.

Sauti ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Programu hizi hukata maneno yako vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kwa sekunde, kila kimoja hubanwa na kodeki, yaani kibanio cha sauti. Kodeki iitwayo Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012, inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde na bado ukamtambua anayesema. Chukua kilobiti 16, sauti safi kabisa: kila kipande kinakuwa baiti 40. Lakini kipande hakisafiri uchi. Kinatiwa kwenye bahasha yenye anwani, na bahasha hiyo, ukijumlisha tabaka zake zote, nayo ni baiti 40. Yaani unalipia karatasi ya bahasha sawasawa na barua. Baiti 80 mara 50, kwenda na kurudi, mara sekunde 60: kama nusu MB kwa dakika. Saa nzima haifiki MB 30. Programu nyengine hula zaidi kidogo, nyengine pungufu, na ndani ya WhatsApp kuna swichi ya kupunguza data kwenye simu, iwashe. Video ni habari nyengine, hiyo mara kumi au zaidi, na ukishaonesha uso wa mtoto basi hapakatwi mapema. Mzee hakupiga video. Alizungumza kama dakika 14 kwa safari nzima, maana si msemaji.

Basi GB 1 imekwenda wapi? Nikafungua hesabu ya data ya simu yenyewe, si ya WhatsApp. Mstari wa juu kabisa: hotspoti, yaani data aliyowagawia wengine kwa waifai ya simu yake. MB 950 na ushei.

Hapa ndipo pananipandisha presha, kwa hiyo nivumilieni.

Alisafiri na wenzake wawili. Wao walijiona wajanja, wakanunua laini ya huko huko uwanjani, data tele. Usiku wanataka kupiga nyumbani: ujumbe unapita, picha inapita, simu ya WhatsApp haipiti. Inabaki inaunganisha, inaunganisha, au anaita huku mwengine hasikii kitu. Katika Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiliwa kwa miaka. Zinazoruhusiwa ni programu zenye kibali, kama BOTIM, na lazima na wa upande wa pili awe nayo. Saudi Arabia ililegeza kamba mwaka 2017 kwa programu zinazotimiza masharti yao, na bado mahujaji walirudi na malalamiko yaleyale ya WhatsApp. Simu yako si mbovu. Nimewahi kuletewa simu nibadilishe maiki, mwenyewe anaapa kwamba imeharibika Dubai na hapa imepona, akataka nibadilishe hivyohivyo "kwa tahadhari". Sikubadilisha. Nimejuta kidogo, ile pesa ningeipata.

Wakati huohuo, chumba hichohicho, mzee na laini yake ya nyumbani anapiga WhatsApp bila shida. Wenzake wakaona muujiza. Wengine huishia kusema laini zetu "zina baraka". Hakuna baraka. Watu wanadhani ukishuka Dubai na laini ya hapa, umeingia kwenye intaneti ya Dubai. Hujaingia! Mnara wa kule unakupokea, unauliza nyumbani kama wewe ni mteja wao na kama umelipa, kisha data yako inatiwa kwenye bomba lililofungwa na kurudishwa mpaka Tanzania. Huku ndiko inakochomoza kwenye intaneti. Yule bawabu wa Dubai anayezuia simu za WhatsApp amekaa kwenye mlango wa intaneti ya Dubai, na wewe hukupita mlango ule. Ndiyo maana pia ukiwa romingi mitandao hudhani uko Dar es Salaam na inakutangazia viwanja vya Kigamboni.

Bomba hili linafanya kituko kingine. Wawili mkiwa romingi katika hoteli moja, vyumba viwili vilivyopakana, mkipigiana kwa programu, sauti huenda Tanzania na kurudi, kama kilomita 4,000 kila upande kwa mstari ulionyooka, ili ivuke ukuta wa matofali. Gongeni mlango jamani.

Kwa hiyo wenzake wakamuomba hotspoti. Mzee, mtu wa watu, akawapa. Naye hakukosea: hotspoti yake nayo inapita bombani, na simu zao zikapita. Walizungumza, wakaagana na watoto, wakalala. Simu zao zikabaki zimeshika hotspoti, ziko kwenye chaji. Wote wawili wana iPhone, mzee ana Android. Android kwa Android siku hizi huambizana: angalia, hii ni hotspoti ya mtu, jizuie. iPhone iliyoshika hotspoti ya Android haiambiwi. Inaona waifai, basi. Na simu ikiona waifai, usiku, chaji imo, hufanya yale yote uliyoiambia isifanye kwenye data: mmoja alikuwa amepiga picha 200 na zaidi za majora ya vitambaa, MB 3 au 4 kila moja, zikaanza kupanda kuhifadhiwa. Ya pili ikasasisha programu. Asubuhi bando hakuna. Dawa ipo, kwenye iPhone ni kuigusa waifai hiyo na kuwasha hali ya data ndogo, lakini nani anakumbuka hilo saa sita za usiku huku mama watoto anauliza umenunua nini?

Mnaokimbilia kuniandikia "si watumie VPN tu", ile programu ya kuficha njia ya data, tulieni. Falme za Kiarabu wana faini nzito kwa anayeitumia VPN kufanya kilichokatazwa, na hata kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza mwaka 2023 kwamba wenye kuitumia wajiandikishe. Mfanyabiashara aliyefuata mzigo hahitaji kesi. Tia BOTIM kwako na kwa mkeo kabla ya kupanda ndege, hasa kwa mkeo, kwa sababu wewe utakuwa na waifai ya uwanja na hamu ya kujaribu, na yeye yuko nyumbani anakwambia "mimi hilo sijui kulitia".

Sasa waifai ya hoteli. Mteja ananionesha picha ya kipimo cha kasi: "Fundi, megabiti 40, lakini namsikia kama yumo mtungini." Tumeshaona sauti inataka kilobiti, si megabiti. Kasi si tatizo lake. Kinachoua mazungumzo ni kuchelewa, na hasa kuchelewa kusikotabirika: kipande hiki kifike sasa, cha pili kikwame foleni kwa sababu wa chumba cha juu anapandisha video, cha tatu kifike kabla ya cha pili. Wataalamu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanataka sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Ikizidi 400 hapana mazungumzo tena, kuna hutuba mbili. Sisi tuliofanya kazi kwenye intaneti kafe kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010 tunalijua hili kwa masikio. Setilaiti iko kilomita 36,000 juu, sauti ipande, ishuke, jibu lipande, lishuke, ni kama nusu sekunde baina ya "umenisikia?" na "nimekusikia". Bi mkubwa mmoja alikuwa akija kuzungumza na mwanawe London kwa Skype. Kila akiuliza, kimya. Akirudia, jibu la swali la kwanza linaangukia katikati ya la pili. Mwisho alimtukana mwanawe kwa kumkatiza mzazi maneno. Mtoto hana kosa, kosa la setilaiti.

Na hapa nikiri. Mteja akiniuliza kwa nini simu yake jana ilikuwa safi na leo inakatika, mahali palepale, baa zilezile za mtandao kwenye kioo, mimi husema "mtandao umezidiwa", kama mafundi wote. Mara nyingi nasema tu. Nimepata simu safi ya nusu saa nikiwa Mkoani, Pemba, gatini na baa moja, na nimekatikiwa mara tatu Michenzani chini ya mnara. Zile baa zinakwambia unausikia mnara kwa nguvu gani. Hazikwambii mnara una wageni wangapi. Ukitaka kujua, piga.

Jengine, watu wanachanganya kupiga programu kwa programu na kupiga namba ya kawaida kwa kupitia programu. Ya pili ina bei ya dakika, kwa sababu mwisho wa safari kuna kampuni ya simu ya hapa inayodai ada ya kuipokea simu ya kutoka nje. Ndiyo maana aliyeko Uingereza akipiga namba ya Zanzibar kwa vocha za mtandaoni analia, na akipiga simu ya mezani ya London kwa vocha hiyohiyo hata haioni ikipungua. Waliokuwa wakitumia Skype kwa kazi hiyo waliachwa barabarani ilipofungwa Mei 2025.

Ada hiyo ndiyo inayozaa ule mchezo mwengine: shemeji anakupigia kutoka Muscat, kwenye kioo inatokea namba ya hapahapa, usiyoijua. Unamuuliza, anasema kanunua kadi ya bei poa. Simu yake imesafirishwa kwa intaneti mpaka kwenye kisanduku kilichojaa laini za hapa, kimefichwa ndani ya chumba mahali fulani, kikakupigia kama jirani. Simboksi. Ni haramu kisheria, na yeye shemeji hana habari. Ukiipigia namba ile kumrejea, humpati, na si kwamba amekuzimia.

Mzee alinisikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye kigoda, kofia gotini. Mwisho akauliza swali moja.

"Kwa hiyo fundi, hawa wenzangu wawili. Wao walipiga bure?"

Nikafikiri kidogo.

"Ndiyo mzee. Wao walipiga bure."

Akavaa kofia, akatoa simu, akaanza kutafuta namba zao.