Kuharisha Kusikojulikana Chanzo: Maswali Kuhusu Usomaji wa Vinasaba vya Virusi

Mgonjwa anaharisha na kutapika, lakini vipimo havioni kitu. Inawezekanaje?

Kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha vinasaba mara nyingi hadi kionekane, hutafuta virusi ambavyo vinasaba vyake vinajulikana tayari, kama norovirusi, rotavirusi na adenovirusi. Kirusi kigeni, au kilichobadilika pale pale kipimo kinaposhika, hupita bila kuonekana.

Usomaji wa vinasaba unafanyaje kazi?

Hauanzi na mshukiwa. Maabara huchuja kinyesi kidogo na kutoa vinasaba vyote vilivyomo. Virusi vingi vya tumbo hubeba vinasaba vya aina ya RNA, kwa hiyo RNA hiyo kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa DNA, aina ambayo mashine nyingi husoma. Mashine husoma mamilioni ya vipande vifupi, kompyuta ikaviunga na kuvilinganisha na virusi vinavyojulikana. Kazi ni ngumu, maana vipande vingi huwa ni vya bakteria wa utumbo na vya mgonjwa mwenyewe. Jenomu ya norovirusi, yaani seti yake nzima ya vinasaba, ina herufi za kinasaba zipatazo 7,500 tu. Ya binadamu ina bilioni 3.

Kuna kirusi kilichogunduliwa hivi?

Kipo. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kirusi kipya cha jamii ya astrovirusi, MLB1, waliyoikuta kwenye kinyesi cha mtoto aliyeharisha huko Melbourne, Australia. Kabla ya hapo darubini ya elektroni ndiyo iliyofanya kazi hiyo: norovirusi ilionekana mwaka 1972, na rotavirusi mwaka 1973.

Kirusi kikipatikana, ndicho kilichomwumiza mgonjwa?

Si lazima, na hapa ndipo naomba msomaji awe makini zaidi. Kinyesi cha mtu mzima wa afya nacho kimejaa virusi. Mwaka 2006 watafiti walikuta humo kirusi cha mmea wa pilipili, kilichoingia na chakula tu. Mwaka 2014 kompyuta ilifichua crAssphage, kirusi kilichoenea mno kwenye utumbo wa watu, lakini kinachoambukiza bakteria. Kukihukumu kirusi kwa sababu kimekutwa mahali pa tukio ni haraka mno. Lazima kionekane mara nyingi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima, na kingamwili (protini za kinga ya mwili) dhidi yake zipande baada ya ugonjwa. Hata MLB1 imekutwa kwa watoto wasioharisha.

Basi kila anayeharisha apimwe hivi?

Hapana. Faida kubwa iko kwenye mlipuko, ambapo kulinganisha virusi vya wagonjwa huonyesha kama chanzo ni kimoja.

Majibu yakichelewa, tufanye nini?

Matibabu hayasubiri jina la kirusi. Mpe mgonjwa maji ya ORS (yenye chumvi na sukari maalumu) kidogo kidogo, na mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Antibiotiki haiui virusi. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kukosa mkojo au kulegea ni dalili za kukimbilia kituo cha afya mara moja. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vyenye alkoholi havitoshi dhidi ya norovirusi.