Sabuni Gani kwa Taulo, Sabuni Gani kwa Nguo? Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Kwenye kliniki ya ngozi ninayohudumu Dar es Salaam, haipiti wiki bila mama kuingia na mtoto aliyejikuna mpaka akatoka damu, na kabla hatujamaliza kuzungumza sabuni ya kufulia imeshatajwa. Wengine huja na pakiti tupu mkononi, wanataka niwaambie kama ndiyo iliyomdhuru mtoto. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara. Utaona majibu yangu mengi yanaishia sehemu moja: kinachosumbua ngozi mara nyingi ni sabuni iliyobaki kwenye kitambaa. Tunamimina nyingi, halafu tunasuuza mara moja.

Nesi, taulo langu likikauka linakuwa gumu kama mkeka, nikijifuta linakwaruza. Nibadili sabuni?

Usikimbilie dukani kwanza, dada. Taulo limefumwa kwa vitanzi vidogo vidogo vya pamba pande zote mbili, na vitanzi hivyo ndivyo vinavyonyonya maji. Ndivyo pia vinavyonyonya sabuni na kuishikilia kuliko shati au kanga. Ukifua kwa sabuni nyingi ukasuuza mara moja, sabuni inakaukia humo ndani, vitanzi vinagandana, na taulo linakuwa kama limetiwa wanga. Baadaye, ngozi yako ikiwa na maji, sabuni ile inalainika tena na kukupaka mwili mzima.

Fanya jaribio hili leo. Chukua taulo safi, kavu, ulilolitoa kabatini. Litie kwenye beseni la maji ya moto bila sabuni yoyote, likoroge kwa dakika chache. Maji yakiwa meupe na yenye povu, basi ulikuwa unajifutia sabuni. Mwaga, tia maji mengine, fikicha, rudia mpaka povu likatike. Kwenye maji ya mwisho unaweza kuongeza nusu kikombe cha siki nyeupe, ambayo huyeyusha utando uliogandia nyuzi, kisha suuza tena kwa maji matupu. Likung'ute kwa nguvu kabla ya kulianika, na likikauka likung'ute tena, maana hata taulo lisilo na sabuni hukakamaa kidogo likikauka pasipo upepo.

Na kile kilainishi cha nguo chenye harufu tamu, kwenye taulo kiache kabisa. Kinafanya kazi kwa kuzipaka nyuzi utando mlaini. Ukilishika taulo unalisifu, lakini maji yanateleza juu yake badala ya kunyonywa, na utando wenyewe unaongezeka kila unapofua.

Kati ya sabuni ya mche na ya unga, ipi bora?

Inategemea maji yako. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, kama ya mawese au nazi, yaliyopikwa na kostiki soda. Ikikutana na maji magumu, yaani yenye madini mengi ya kalisi na magnesi, inaganda na kuwa utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaouona umezunguka beseni. Maji ya Dodoma yana tabia hiyo, na visima vingi vya Dar es Salaam pia. Mtu anasugua mche mpaka unaisha na povu halionekani, anadhani kauziwa sabuni feki, kumbe tatizo liko kwenye ndoo. Sabuni ya unga, na ya maji iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kufulia, haziharibiwi na madini hayo kwa urahisi.

Kwa hiyo kama unatumia maji ya mvua au maji laini ya bomba, mche unatosha, na kwa kola, soksi na makwapa hauna mpinzani kwa sababu unaupaka palepale penye uchafu. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvichumvi, taulo na mashuka yafue kwa ya unga au ya maji. Bibi zetu waliotia magadi kidogo kwenye maji ya kufulia walijua wanachofanya, kwani magadi hupunguza ugumu wa maji. Ila pima kwa mkono mdogo, kwa sababu magadi ni makali kwa ngozi. Sabuni za kufulia zenyewe, za mche na za unga, zikiwa kwenye maji huwa na pH (kipimo cha asidi na magadi, ambacho kikipita 7 ni upande wa magadi) ya kati ya 9 na 11, wakati ngozi yenye afya ina pH ya karibu 5. Ndiyo sababu nasisitiza kusuuza.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Mama mkwe anasema nimemletea mwenyewe kwa sabuni ya unga.

Hukumletea wewe, mama. Ugonjwa huu, ambao jina lake jingine ni ukurutu, unaanzia kwenye ngozi yenyewe. Mtoto huzaliwa na ngozi ambayo kinga yake ya juu ni dhaifu, inapoteza maji haraka na kuruhusu vitu vya nje kupenya. Sabuni haiuanzishi, ila inaweza kuuamsha. Na mzio halisi wa sabuni ya kufulia iliyosuuzwa vizuri ni nadra. Tunachokiona zaidi ni ngozi kuwashwa na mabaki.

Kwa mtoto huyu tafuta sabuni isiyo na manukato wala rangi. Najua madukani kwetu karibu kila pakiti inanukia maua, na harufu hiyo ndiyo inayouza. Lakini manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kuleta mzio wa ngozi. Usipopata sabuni ya unga isiyonukia, chukua mche mweupe wa kawaida usio na manukato, ukwaruze kwenye maji ya moto uyeyuke, fulia, kisha suuza mara mbili au tatu. Kilainishi kisiguse nguo zake.

Kabla hujailaumu sabuni, angalia vipele vimekaa wapi. Ukurutu kwa mtoto aliyeanza kutembea hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kama muwasho umefuata mkanda wa chupi, shingo au pembeni ya kwapa, ishuku nguo: mpira wake, au rangi yake. Nguo nyeusi na za bluu nzito za polista zina rangi ambazo hutoka kwa jasho na kuwasha watu wengine. Ifue nguo mpya kabla ya kuvaliwa.

Kuna muwasho mwingine ambao watu huupigania kwa sabuni miezi mizima bila mafanikio. Mtoto anajikuna zaidi usiku, vipele viko katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na wewe mwenyewe umeanza kujikuna. Huo ni upele, mdudu mdogo anayechimba ngozi, na hakuna sabuni ya kufulia inayoutibu. Nyumba nzima itibiwe siku moja kwa dawa ya hospitali. Nguo, taulo na mashuka yaliyotumika siku tatu za mwisho yafuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 50 au zaidi, yaanikwe juani au yapigwe pasi. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Mdudu huyo akitoka mwilini haishi zaidi ya siku chache, na hivyo nguo za mitumba zilizokaa kwenye robota safari nzima si rahisi kukuletea upele. Mitumba ifue hata hivyo, kwa sababu vimelea vya fangasi huvumilia muda mrefu zaidi.

Nimenunua nguo za kichanga, nimezifua kwa sabuni laini na kuzihifadhi na naftalini. Nimefanya sawa?

Hili swali ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Sabuni uliyotumia ni sawa. Naftalini, zile gololi nyeupe zenye harufu kali za kufukuzia wadudu kabatini, zitoe leo.

Watu wengi kwetu, hasa ukanda wa pwani na maeneo yaliyokaa na malaria karne nyingi, wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Wavulana huathirika zaidi. Mtu anaweza kuishi miaka bila kujua. Mvuke wa naftalini unaingia kwenye nyuzi za nguo, na mtoto akivalishwa anauvuta puani na kuufyonza kwenye ngozi, zaidi sana akiwa amepakwa mafuta. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, chembe nyekundu zinapasuka kwa wingi. Anakuwa na manjano makali, na rangi ile ya njano ikipanda hadi kwenye ubongo inaweza kumwachia ulemavu wa maisha au kumuua.

Nguo zilizokwisha kukaa na naftalini usizitegemee kwa kichanga. Kuzifua mara moja hakuondoi mvuke wote. Kama huna nyingine, zianike nje juani na kwenye upepo siku kadhaa, uzifue, uzianike tena, na zikiwa bado zinanukia zisivaliwe. Mablanketi na mashuka ya mtoto ni vivyo hivyo, pamoja na yale ya bibi yaliyotunzwa sandukuni kwa ajili ya mjukuu. Karafuu maiti nayo isitiwe kwenye nguo za mtoto. Nguo iliyofuliwa, ikakauka kabisa na kufungwa kwenye mfuko safi haihitaji kitu kingine.

Ukiona macho au ngozi ya mtoto imekuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, analegea au anakataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie kuhusu naftalini bila kusubiri kuulizwa.

Sabuni za maji za kupima mtaani zinafaa?

Nyingine zinafulia vizuri, na najua zinalisha familia nyingi. Wasiwasi wangu ni vipimo. Hutengenezwa kwa asidi kali ya salfoniki inayotulizwa kwa magadi soda. Mtengenezaji akikosea uwiano, mchanganyiko unabaki mkali na unachoma mikono. Wengine hutia fomalini ili isiharibike, na fomalini ni kisababishi kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Nunua yenye alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, au KEBS kwa ndugu zetu wa Kenya.

La pili ni chupa. Sabuni ya bluu au ya kijani kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya juisi ni mtego kwa mtoto wa miaka miwili. Akiinywa usimtapishe, kwa sababu povu linaweza kuingia kwenye mapafu na kemikali kali ikachoma koo mara ya pili. Msafishe mdomo, mkimbize hospitali na chupa uichukue.

Pakiti imeandikwa ina vimeng'enya. Ni hatari?

Kwa nguo, hapana. Vinavunja damu, maziwa, jasho, uji na mafuta ya chakula vipande vidogo ili vitoke na maji. Loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka yanaviua kabla havijafanya kazi, na damu ukiitia maji ya moto inagandia kabisa. Hariri na sufu zisifuliwe kwa sabuni hiyo, maana nyuzi zake ni protini na zenyewe zitaliwa.

Jiki kwenye taulo jeupe na nepi?

Kwa pamba nyeupe inawezekana, ikiwa imechanganywa na maji mengi jinsi chupa inavyoelekeza. Nepi isuuzwe mkojo kwanza, kwa kuwa mkojo una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa hewa inayochoma mapafu. Siki niliyoitaja juu na dawa za chooni zenye asidi zisikutane na jiki hata kidogo. Hewa ya klorini inatoka papo hapo, na mabafu yetu mengi ni madogo na hayana dirisha.

Mimi nafulia watu. Mikono imepasuka, sabuni ikiingia nalia.

Pole sana, dada yangu. Wewe ndiye sabuni inakuumiza kuliko mvaaji yeyote, maana anayevaa anapata mabaki, wewe unapata sabuni yenyewe saa nne mfululizo. Vaa glavu za mpira, na ndani yake glavu nyepesi za pamba ili jasho lisikuumize. Yeyusha unga kwenye maji kwanza kabla ya kuingiza mikono. Ukimaliza, nawa kwa maji matupu, jifute, paka mafuta ya mgando mikono ikiwa na unyevunyevu, na usiku paka tena kwa wingi. Nyufa zikitoa usaha njoo kliniki. Na wewe unayefuliwa, glavu zinunue wewe.

Sabuni nzuri ikiwepo, familia inaweza kutumia taulo moja?

Hapana. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, taulo la pamoja lilikuwa njia mojawapo ya kuupitisha ugonjwa ndani ya nyumba. Ugonjwa wa vikope, unaopofusha watu na ambao maeneo kama Kongwa, mkoani Dodoma, yamepambana nao miaka mingi, nao hupita kwenye kitambaa kinachofuta nyuso za watoto wawili. Kila mtu na lake, hata kama ni kipande cha kanga. Lifuliwe baada ya kutumika mara tatu au nne, na katikati yake lianikwe limekunjuliwa, si kurundikwa nyuma ya mlango.

Na pasi, ni ya urembo tu?

Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au zilizotandazwa kwenye majani na mchanga. Nguo ikivaliwa, kifunza kinaingia kwenye ngozi na kuota jipu lenye tundu katikati linalochezacheza. Anika kwenye kamba, juani, mbali na ardhi. Kama mvua imekulazimisha kuanika kivulini, piga pasi ya moto pande zote mbili, na ukawie kwenye pindo, kiunoni na kwenye mishono ya kwapa, ambako mayai hujificha.