Je, Wajua? Damu ya Kuku Ina Viini, Chembe Zako Nyekundu Hazina

Chukua tone la damu ya kuku aliyechinjwa kwa ajili ya supu, lisambaze juu ya kioo, ulitie rangi ya Giemsa, ile ile inayotumika kupimia malaria katika maabara za Moshi, kisha tazama kwa hadubini. Utaona chembe nyekundu zenye umbo la yai, kila moja ina doa la zambarau katikati. Rudia kwa damu ya mtu, ya mbuzi au ya ng'ombe: chembe nyekundu ni za duara, zimefifia katikati, na doa halipo. Doa lile ni kiini cha seli. Mbona kuku anacho na sisi tumekikosa?

Kiini si kitu cha kutupwa ovyo. Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alikipa jina mwaka 1831 alipokuwa akichunguza okidi. Leo tunajua kwamba ndani ya kiini cha seli ya binadamu, chenye upana wa takriban mikromita 6 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), imekunjwa DNA ambayo ikinyooshwa hufika karibu mita 2. Utando wake una matundu mengi yanayochagua: molekuli ndogo hujipitia, lakini protini kubwa haziingii bila alama maalumu. Seli iliyopoteza kiini chake haigawanyiki tena, wala haiwezi kusoma jeni zake.

Chembe zetu nyekundu huanza maisha zikiwa nacho, ndani ya uboho wa mifupa. Hapo kiini huelekeza karibu nguvu zote kwenye kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kazi ikikaribia kwisha, kiini husinyaa na DNA hubanwa. Kisha pete ya protini iitwayo aktini hujikaza, na kiini husukumwa nje kikiwa kimevikwa kipande cha utando wa seli. Makrofaji, seli walaji zilizo jirani, hukimeza na kukimeng'enya. Chembe changa hubaki na RNA, nakala za maagizo ya jeni, na kwa siku moja au mbili huendelea kuunda himoglobini kwa nakala hizo. Uboho wa mtu mzima hutoa chembe mpya kama milioni 2 kila sekunde.

Faida ya kwanza ni nafasi: chembe moja hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi, ni ulaini. Chembe ina upana wa mikromita 7 hadi 8, lakini hupita katika kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, iliyo nyembamba kuliko yenyewe, na katika wengu hupenya mianya ya takriban mikromita 1. Kiini ni kigumu, kimeshikiliwa na wavu wa protini za lamini. Minya embe bivu: nyama inakubali, kokwa inakataa.

Gharama yake ni maisha mafupi. Bila jeni hakuna protini mpya za kukarabati zilizochakaa, na baada ya siku kama 120 chembe huondolewa na makrofaji wa wengu na ini.

Lakini msidhani kuku amebaki nyuma. Mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell, spishi inayoonekana pia Serengeti na Ngorongoro, aligongana na ndege ya abiria juu ya Côte d'Ivoire kwenye mita 11,300, karibu mara mbili ya urefu wa Kibo. Naye chembe zake zina viini. Ndege wana mapafu yanayopitisha hewa kuelekea upande mmoja tu, na hilo huwasaidia sana kuvuta oksijeni.

Tena kiini cha chembe nyekundu ya kuku karibu kimelala: kidogo, kimebanwa, jeni nyingi zimezimwa. Mwaka 1965, Henry Harris wa Oxford alitumia virusi vya Sendai vilivyodhoofishwa kuunganisha chembe hizo na seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara tangu 1951. Kiini cha kuku kikavimba, DNA ikalegea, kikaanza tena kutengeneza RNA! Sijui jaribio la viini linalonisisimua kuliko hili. Kiini kilichoonekana kimekwisha kazi kiliamshwa na seli ya mtu, kwa protini zilizoingia humo kutoka nje. Basi amri hazitoki kwenye kiini peke yake. Kinachokizunguka nacho hukiamuru.

Kwa mpimaji wa malaria, kukosekana kwa kiini ni msaada mkubwa. Kijidudu cha Plasmodium kina kiini chake, na ndicho kile kidoa kwenye kipete kidogo ndani ya chembe nyekundu. Katika tone nene chembe nyekundu hupasuliwa, hivyo vinavyobaki kuonekana ni hasa vijidudu na chembe nyeupe, na mpimaji huhesabu vijidudu akilinganisha na chembe nyeupe 200. Ndege nao huugua malaria yao, ambayo Ronald Ross aliitumia India mwaka 1898 kuthibitisha kwamba mbu ndiye mwenezaji. Kwenye damu yao msomaji wa kioo hukuta viini viwili katika chembe moja, cha ndege na cha kijidudu, na mara nyingi kijidudu kinapokua hukisukuma kiini cha mwenyeji pembeni.